Mazoezi Arusha, mtoto Moshi: wenzangu wa jukwaani, nyumba mnaiendeshaje?

Mama Eli wa Rau

Habari za jioni wadau. Naomba ushauri kwa wanaofanya sanaa za jukwaani, hasa wenye familia. Wasio wa jukwaani pia karibuni, ila msinitukane.

Mimi ni mwigizaji, naishi Rau hapa Moshi. Nina watoto wawili. Mkubwa yuko darasa la pili, mdogo ana miezi tisa na bado ananyonya. Mume wangu ni fundi magari, gereji yake iko Pasua. Toka nijifungue nimekuwa nafanya vikazi vya hapa hapa mjini: ngonjera kwenye sherehe, kaigizo ka dakika kumi kwenye kikao cha kikoba, kufundisha watoto wa kanisani mchezo wa Pasaka. Vya kununulia pampasi tu.

Sasa kuna kundi la Arusha wamenipigia. Wana mradi wa Siku 16 za kupinga ukatili, na wananitaka niwe ngariba kwenye igizo lao la ukeketaji. Mazoezi yanaanza katikati ya Oktoba, Jumatatu mpaka Ijumaa, saa tisa alasiri mpaka saa mbili usiku, ukumbi uko Kaloleni. Halafu kuanzia tarehe 25 Novemba tunazunguka vijijini, Longido, Monduli na kule Mto wa Mbu, mpaka tarehe 10 Desemba. Malipo ni laki sita, mwisho wa mradi.

Uhusika wenyewe naupenda mno. Miaka yote napewa mke anayepigwa. Nimechoka kupigwa. Huyu ngariba ana mistari mirefu, ana hoja zake, anacheka, na watazamaji watamchukia mpaka wanisahau mimi.

Shida ni nyumba. Mume anasema nenda, tutajipanga, ila naona hajui anachokisema, hajawahi kumwogesha mtoto siku mbili mfululizo. Mama mkwe yuko Kibosho, ameshasikia (sijui kwa nani), na amepiga simu kuuliza ni mke wa nani huyo anayelala njiani kwa ajili ya michezo.

Niwe naenda na kurudi? Nihamie Arusha kwa muda? Au niache? Na nyie wenye nyumba na watoto, siku za mazoezi mnaishije?

Mangi Mdogo

Laki sita kwa karibu miezi miwili, tena mwisho wa mradi? Dada yangu, funga belo la mitumba shuka nalo soko la Memorial. Uigizaji utawafanyia wateja.

Baba Naserian

Mimi siyo msanii, ni mume wa msanii, tuko Sakina. Mke wangu anacheza ngoma na kuigiza.

Kwenda na kurudi usithubutu. Kilomita themanini mchana ni kitu kidogo. Saa mbili na nusu usiku ni habari nyingine. Utasimama barabarani kusubiri Noah ijae, itajaa saa tatu na ushee, utashuka Moshi kuelekea saa tano, bado bodaboda mpaka Rau. Utalala saa sita, na saa kumi na moja mkubwa anatakiwa kuamshwa kwenda shule. Wiki moja utaweza, ya pili utaanza kusahau mistari.

Hapa kwangu mama yao akiwa na mazoezi, Jumapili napika makande sufuria kubwa, yanatufikisha Jumanne. Jumatano wanakula ugali na mayai. Alhamisi tunaenda kwa dada yangu bila kualikwa. Hawajafa. Na wale jamaa wa kijiweni wanaosema natawaliwa, waje wale makande kwanza, halafu tujadili.

Bibi Maleba

Mwanangu Mama Eli, mimi nakaa Kaloleni hapo hapo. Ukumbi unaousema naujua mpaka choo chake, na nitakuambia baadaye uje na kufuli lako.

Nashona maleba, yaani mavazi ya jukwaani, na kusimamia jukwaa toka nilipotoka Bagamoyo, enzi hizo bado kinaitwa Chuo cha Sanaa, kabla hakijawa TaSUBa mwaka 2007. Nimelea watoto wanne humo humo. Kwa hiyo niachie nafasi niseme kwa kirefu, na Mangi Mdogo akipenda akauze mitumba.

Watu watakuambia tatizo ni saa. Sikubaliani nao. Marehemu mume wangu alifanya kazi kiwanda cha matairi hapa Arusha, zamu ya mchana wiki moja, ya usiku wiki inayofuata. Anaondoka usiku na baiskeli yake, anarudi alfajiri ananuka mpira. Mama mkwe wangu hakuwahi kuuliza mwanangu analala wapi. Watoto walinyamazishwa mchana kutwa ili baba alale, hata redio ilizimwa. Mimi nikirudi saa tatu usiku kutoka mazoezini, tena mahali pa kutembea kwa mguu, ilikuwa kesi ya kuitiwa wazee. Tofauti yetu ilikuwa bahasha. Mwisho wa mwezi yeye alileta bahasha na karatasi ya mshahara ndani. Mimi nilileta habari kwamba hela itatoka.

Nyumba inatoa muda wako kila siku, inauona ukitoka mlangoni. Hela haiioni. Hapo ndipo maneno yanapozaliwa.

Sasa sikiliza hela ya mradi inavyokwenda, maana wewe mwenyewe umeandika "mwisho wa mradi" kama vile ni tarehe. Mfadhili anatoa kwa awamu. Awamu ya mwisho haitoki mpaka ripoti iende, na picha ziende, na karatasi za mahudhurio zenye saini ya mwenyekiti wa kijiji, na risiti za EFD, zile za mashine ya kodi. Kuna kijiji mtasahau kusainisha, mtarudi. Mhasibu atakata kodi ya zuio, asilimia 5. Tarehe 10 Desemba mnamaliza onyesho la mwisho, wenye ofisi wanafunga kwa ajili ya Krismasi, wewe unapanda Kibosho na watoto mikono mitupu, na mama mkwe anakuangalia. Hela itakuja Januari, shule zimeshafunguliwa, umeshakopa sare.

Kwa hiyo kabla hujaanza kuhangaika nani atamwogesha mtoto, mpigie huyo aliyekuita. Mwambie nakuja, ila hela igawanywe. Nauli na posho ya mazoezi nipewe mkononi, kila siku au kila Ijumaa. Kilichobaki ndicho kisubiri ripoti. Laki sita kwa zaidi ya siku thelathini za kazi haifiki elfu ishirini kwa siku, na hapo hujapanda kosta wala hujala. Akikuambia bajeti imeshapita, mwambie bajeti ina mstari wa usafiri, kila bajeti inao.

Na ukishaipata hiyo hela ya Ijumaa usiifungie kwenye upindo wa kanga. Ionekane. Mimi Ijumaa nilikuwa napita soko la Kilombero nachukua nyama kilo moja na mkungu mdogo wa ndizi, nikifika natua chini mbele ya watu. Watoto wangu mpaka leo ukiwatajia mazoezi wanakumbuka mtori. Mume wangu hakuwahi kutoa hotuba ya kuniunga mkono, hakuwa mtu wa hotuba, ila siku moja nilimsikia anamwambia ndugu yake kwenye simu, "mama watoto yuko zamu". Nilishika sufuria nikasimama pale pale.

Kiwanda kilipofungwa ndipo walipojua. Kuna mwaka nyumba yetu ililishwa na Nane Nane na Siku ya Ukimwi.

Hilo nalo nikuambie, maana bado ni mgeni wa kazi za miradi. Sisi kalenda yetu ni ya sikukuu za wengine. Tarehe 8 Machi Siku ya Wanawake, 16 Juni Mtoto wa Afrika, Agosti Nane Nane pale Themi, halafu 25 Novemba mpaka 10 Desemba hizo Siku 16, na katikati yake tarehe 1 Desemba Siku ya Ukimwi. Tarehe 27 Machi ni siku yetu wenyewe, Siku ya Ukumbi wa Maonyesho Duniani, na hiyo ndiyo siku pekee ambayo hakuna anayetulipa. Sasa weka hiyo kalenda juu ya ile ya shule. Juni watoto wako likizo. Desemba watoto wako likizo. Wakati kazi imepamba moto ndio nyumba imejaa. Kwa mwaka wa kwanza unafikiri ni bahati mbaya, kumbe itakuwa hivyo kila mwaka. Mimi nilikata shauri likizo ya Juni wawili wanaenda kwa bibi yao Machame na wawili wanabaki, na Desemba wote wanatangulia kupanda, mimi nawafuata. Iliandikwa kwenye kalenda ya ukutani toka Januari, na wino.

Kuhusu kuzunguka vijijini, usimpe mume wako saa ya kurudi. Mpe siku. Igizo lenu likiwa la aina ile ambayo mtazamaji anasimamisha mchezo, anapanda kuchukua nafasi ya mhusika na kujaribu njia nyingine, mtindo alioanzisha Augusto Boal wa Brazil, basi halina mwisho wa kupanga. Igizo la dakika arobaini linakwenda saa mbili nzima. Mzee mmoja akiinuka na fimbo yake kumjibu ngariba, hakuna wa kumkalisha, na hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza. Tena watu wa huko hawaji mpaka mifugo irudi. Siku ya mnada nayo usiihesabu kabisa, unaweza kuanza onyesho jua linazama mnamulikwa na taa za gari. Mume aliyeambiwa "saa moja nitakuwa njiani" atapiga simu mara kumi, na simu haishiki mtandao. Aliyeambiwa "Alhamisi" atalala vizuri.

Mengine ni madogo ila ndiyo yanayouma. Vitu vyako vya ndani vitaombwa. Kigoda, kata, kanga, kibuyu. Sufuria langu namba nane limeigiza kuliko mimi. Paka rangi ya kucha nyekundu chini ya kila kitu kinachotoka nyumbani, doa moja tu, siku ya kugawana hakuna ubishi.

Na vitu vya jukwaani navyo vitataka kuhamia kwako, kwa sababu kumbi zetu hazina stoo. Kuna mwaka tulikuwa na igizo la mjane anayenyang'anywa kihamba, shamba la ukoo, na mashemeji. Likahitajika jeneza. Fundi wa Unga Limited hakujua kutengeneza la uongo, akatengeneza la kweli, mbao nzima nzima na vishikio. Likalala kwangu nyuma ya kochi. Mwanzoni nilikuwa nalifunika kanga. Baadaye mwanangu wa tatu akawa analikalia akifanya hesabu zake. Mwisho nikaona panya hawaingii, nikahifadhia mahindi. Wifi yangu akaja kutoka Machame bila taarifa, akafika sebuleni, akaona mtoto amekaa juu ya jeneza anakula karanga. Hakuvuka kizingiti. Alilala kwa jirani, na kabla ya jua kuzama kesho yake ukoo mzima ulishajua kwamba Kaloleni tunakaa na maiti. Kwa hiyo wakikuomba uwatunzie kitu, uliza kwanza ni kitu gani.

Mvua za vuli zitawakuta mazoezini. Maleba hayakauki. Msiyaanike jikoni. Niliwahi kumvalisha dada mmoja gauni la mke wa mkuu wa mkoa, la kung'aa, linanuka dagaa, na watu wa safu ya mbele walikuwa wanatafutana kwa macho.

Suala la kukaa Arusha, nakubaliana na Baba Naserian. Njoo ukae. Mdogo njoo naye.

Nesi wa Zamu

Mama Eli, mtoto wa miezi tisa ameshaanza uji na vyakula vingine, hivyo masaa matano ya mazoezi si shida kubwa. Mnyonyeshe kabla hujaondoka na ukirudi. Ukitaka kuacha maziwa, kamua kwenye chombo safi chenye kifuniko. Nje ya friji yasizidi masaa manne, kwenye friji mpaka siku nne. Apewe kwa kikombe na kijiko, achana na chupa ya chuchu. Na wewe kamua hata kidogo wakati wa mapumziko, matiti yakijaa sana utapata homa na maziwa yatapungua.

Mwongozaji wa Njiro

Mama yetu Bibi Maleba shikamoo. Nakuheshimu, lakini hapa umetuweka sisi viongozi wa makundi kikaangoni. Hela si zetu. Akaunti ya kundi ina watia saini watatu, mfadhili anataka kila shilingi iendane na kazi iliyokwisha kufanyika. Nikianza kumlipa mmoja kila Ijumaa, kesho wote kumi na wawili wanataka. Na msanii akishakula nusu ya hela yake, wiki ya mwisho anapata sherehe ya harusi Dar na haonekani. Hilo limenipata.

Bibi Maleba

Marahaba mwanangu. Wape wote kumi na wawili. Ndiyo maana inaitwa posho ya mazoezi, kila anayehudhuria anasaini anachukua, asiyekuja hachukui. Hiyo ni kazi iliyokwisha kufanyika, na karatasi yake ipo, mfadhili gani ataikataa? Nimesimamia hivyo kwenye kundi letu na mahudhurio yalipanda, watu walikuwa wanafika kabla ya mwenye funguo. Huyo wa harusi ya Dar alikuwa anakukimbia kwa sababu harusi inalipa usiku ule ule.

Wewe mwenyewe mshahara wako wa uratibu unaupata lini? Usinijibu hapa.

Mama Eli wa Rau

Bibi Maleba shikamoo. Nimesoma ulichoandika nikamsomea na mume wangu, kwenye jeneza alicheka mpaka akatoka nje. Nimempigia yule dada wa kundi. Amesema ataongea na wenzake.

Nikija na mdogo, nitamweka wapi wakati wa mazoezi? Binti ninaye, ni mdogo wangu wa mama mkubwa, amemaliza kidato cha nne yuko nyumbani. Lakini sijui kama wataniruhusu kutoka katikati kunyonyesha, isije ikaonekana najidai. Na mistari mnashika saa ngapi? Nyumbani kwangu nikikaa na karatasi, mkubwa anaona nimekaa bure, ananiletea daftari. Na mama mkwe bado.

Bibi Maleba

Marahaba. Kunyonyesha hakuna wa kukukatalia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa anayenyonyesha mpaka masaa mawili kwa siku ya kumnyonyesha mtoto wake. Mkataba wa msanii wa mradi mtu anaweza kubishana kama ni ajira au si ajira, wewe usiingie huko. Mwambie mwongozaji siku ya kwanza, mbele ya wenzako, kwamba saa kumi na moja utatoka kidogo. Ukiomba siku ya kwanza ni ratiba, ukiomba wiki ya tatu ni usumbufu. Ngariba hayuko kwenye kila onyesho la igizo, watafanya sehemu za wasichana. Binti akae na mtoto chumba cha nyuma, kile cha kubadilishia nguo. Kuna dirisha linalofungwa vizuri. Chooni ndipo nilipokuambia uje na kufuli, komeo lilishang'oka na vijana wa mazoezi ya karate wanatumia ukumbi huo huo.

Mistari usiikalie na karatasi. Mwigizaji mwenye watoto anayetaka kukaa kimya na karatasi atashika mistari siku watoto wakishaoa. Mimi wale niliowasimamia walikuwa wanashika kwa kazi. Mmoja alikuwa anachambua mchele, kila kokoto analotoa anasema mstari, akikosea anarudisha kokoto. Akawa hakosei. Wewe ukifua, nguo moja iwe mstari mmoja, na ukishafika kwenye shuka umefika kwenye ile hotuba ndefu. Mkubwa wako mpe karatasi yeye, darasa la pili anajua kusoma, awe anakusahihisha. Watoto wanapenda sana kumkuta mama amekosea. Chagua tu kurasa za kumpa, igizo lenyewe la ukeketaji, si kila neno ni la umri wake.

Mama mkwe. Hapa nitakuambia kitu cha kazi, siyo cha kumbembeleza. Wewe unamjua ngariba? Humjui. Utamwigiza mchawi, utakodoa macho na kupaza sauti, na wamama wa Longido watakucheka kwa sababu hawajawahi kumwona ngariba wa namna hiyo. Kwa wenyeji alikuwa mama wa heshima zake, anaitwa, anaandaliwa chakula, anaaminiwa kama mkunga. Ndiyo maana ni vigumu kumkataa, na ndiyo maana igizo lenu linahitaji mtu anayejua kuigiza. Mama wa umri wa mkweo, hata huku Uchagani, amewahi kuwaona au kusimuliwa. Panda Kibosho Jumamosi, usiende kuomba ruhusa. Nenda ukamuulize alikaaje, alisalimiaje, alishika mikono vipi. Akikataa kusema, muache, ni haki yake, wengine wana maumivu yao humo. Akisema, andika.

Baba Naserian

Hiyo ya kokoto kurudishwa nimemsimulia mke wangu. Ameniletea ungo.

Mama Eli wa Rau

Wadau, mrejesho.

Kundi wamekubali nusu. Nauli na posho kila Ijumaa kwa kusaini, kwa wote, na kwenye zile laki sita itabaki laki mbili na nusu ya mwisho. Yule dada aliniambia kwenye kikao chao kuna mtu aliuliza "haya mambo Mama Eli ameyatoa wapi", nikanyamaza.

Nimepata chumba Kaloleni kwa mwezi na nusu, kwa mama mmoja wa kanisani, nitakuwa na mdogo na binti. Jumamosi na Jumapili narudi Rau. Mume wangu na mkubwa wamefanya majaribio wiki nzima nikiwa nipo lakini sishiki kitu. Jumanne mtoto alienda shule na soksi za baba yake. Mengine yote yalikwenda.

Kibosho nilipanda. Mama mkwe kwanza hakutaka. Tulikaa tunamenya ndizi, nikaacha kuuliza. Baadaye akasema mwenyewe, huku anaangalia kisu: "Huyo mama hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anaongea kama anakubembeleza unywe dawa." Kisha akaniambia hapo nilivyokaa sivyo, mtu wa namna ile hakunji miguu mbele ya wageni, anakaa ananyoosha kwa sababu ndiye anayesubiriwa. Nikanyoosha. Akaniangalia, akaniambia kunja bwana, unanitisha.

Ruhusa ya kulala Arusha hajanipa. Amesema tu kwamba mkubwa apelekwe kwake shule zikifungwa, asiachwe na mwanaume anayenuka grisi. Nimechukua hiyo hiyo.

Bibi Maleba

Usiongeze neno. Jumatatu pita kwangu kabla ya saa tisa nikupime, nataka hilo vazi la ngariba nilikate mapema, vuli hii siiamini. Njoo na kanga zako mbili za kila siku, zilizofuliwa zikachoka, mpya hazikai vizuri mwilini. Na rangi ya kucha.

Mwongozaji wa Njiro

Bibi Maleba, ile karatasi yenu ya mahudhurio na posho ina safu ngapi? Nitumie inboksi.

Mangi Mdogo

Samahani, huko vijijini mnaenda na usafiri gani? Nina Noah, hali nzuri, siku zote 16 tunaongea bei.

Bibi Maleba

Noah kwenye mbuga za Longido, Novemba, mvua zimeanza? Mangi, labda ngariba ashuke aisukume. Tafuta Landcruiser halafu urudi tuongee, na uwe na risiti ya EFD.